Mbegu ya Tufaha Haimfuati Mama

Kwenye magenge mengi ya Dar es Salaam tufaha lina aina mbili tu: la kijani na jekundu. Mteja anauliza bei, anabonyezabonyeza mawili matatu, analipa, anaondoka. Ila kwenye ganda kuna kibandiko kidogo ambacho wengi wetu hukibandua na kukitupa bila kukisoma. Kina namba ya tarakimu nne. 4017 ni Granny Smith kubwa, 4139 ni Granny Smith ndogo, 4131 ni Fuji kubwa. Namba hizo zipo ili keshia ajue apige bei gani, lakini kwa mwenye udadisi zinasema zaidi ya bei. Zinakwambia unakula mti upi.

Ndiyo, mti, tena mmoja. Kila Granny Smith uliyowahi kuitia mdomoni, iwe imetoka Afrika Kusini, Chile au Ufaransa, ni sehemu ya mti mmoja ulioota wenyewe kwenye shamba la Maria Ann Smith, bibi wa Eastwood karibu na Sydney, Australia, mwaka 1868. Yeye alifariki mwaka 1870. Mti wake umeendelea kukatwa vijiti na kuoteshwa upya hadi leo, bara baada ya bara. Ukishalielewa jambo hilo, mengine mengi kuhusu aina mpya za matunda, kuanzia bei zake hadi sababu ya baadhi yake kukosa ladha, hujipanga yenyewe.

Mbegu kumi, baba kumi

Chukua tufaha ulikate kwa upana, si kwa urefu. Katikati utaona nyota yenye vyumba vitano, na kila chumba kwa kawaida kina mbegu mbili. Nyama yote inayoizunguka nyota hiyo ni ya mama. Utamu wake, rangi yake na ganda lake vimeamuliwa na mti uliolizaa. Mbegu ni habari nyingine kabisa. Ua la mtufaha huikataa chavua ya mti wake wenyewe, na huikataa hata ya mti mwingine wa aina ileile, kwa hiyo humsubiri nyuki aliyetoka kwenye mtufaha wa aina tofauti. Nyuki naye hana mpango. Kaanzia kwa huyu, kapitia kwa yule, kaishia hapa. Mbegu kumi za tunda moja zinaweza kuwa na baba zaidi ya mmoja, na hata zenye baba mmoja hazifanani, kama watoto wa tumbo moja wasivyofanana.

Mitufaha, hata hivyo, imepitiliza. Imechanganya damu kwa maelfu ya miaka, na kila mti umebeba ndani yake tabia nyingi zilizojificha ambazo humtokea mtoto bila taarifa. Panda mbegu za tufaha tamu, jekundu, na utavuna miti ya kila namna. Mingi itazaa vitunda vidogo, vichachu, vyenye ukakasi wa kukunja uso. Michache itazaa tunda linaloliwa bila malalamiko. Na kwa nadra sana, mmoja utazaa kitu ambacho hakijawahi kuonjwa na binadamu yeyote, na kitakuwa kizuri.

Kwa hiyo ukiulizwa aina mpya ya tufaha hutoka wapi, jibu ni kwamba hutoka kwenye kila mbegu. Hakuna uhaba wa aina mpya. Kazi iko kwenye kuonja mamia ya matunda mabaya ili ulipate moja, kisha kulizuia lisipotee pamoja na mti wake.

Asili ya fujo hii yote ni Asia ya Kati. Mwaka 1929 mwanasayansi wa Kisovieti Nikolai Vavilov alifika Almaty, Kazakhstan, chini ya milima ya Tian Shan, akakuta misitu ya mitufaha mwitu imeuzunguka mji. Alihitimisha kwamba hapo ndipo tufaha lilipoanzia, na utafiti wa jeni uliokuja miongo mingi baadaye ukamuunga mkono. Kwenye misitu hiyo miti miwili iliyosimama bega kwa bega inaweza kuzaa matunda yasiyofanana kwa ukubwa, rangi wala ladha. Wataalamu wengi wanaamini dubu ndio walioanza kazi ya uteuzi. Walifuata matunda makubwa na matamu, wakala, wakazisambaza mbegu kwa kinyesi chao. Misafara ya Njia ya Hariri ikalipeleka tunda hadi Uajemi na Ulaya, na njiani likazaana na mitufaha mwitu ya huko.

Marekani ya karne ya 19 ilirudia mchezo huohuo kwa mkono wa binadamu. Walowezi walipanda mbegu kwa magunia, kwa sababu mbegu ni nyepesi kubeba na tufaha chachu lilifaa kutengenezea saida, pombe yao ya kila siku. John Chapman, yule aliyekuja kuitwa Johnny Appleseed, alianzisha vitalu vya mbegu kutoka Pennsylvania hadi Indiana na hakutaka kabisa habari za kubebesha miti, yaani kuunganisha kijiti cha mti mmoja kwenye shina la mwingine. Kila shamba likawa bahati nasibu, na kwa kuwa miti ilikuwa mingi mno, washindi walipatikana.

Kikonyo

Kinachoifanya bahati isipotee ni kubebesha. Warumi waliuandika ufundi huu zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, na leo mwenye kitalu yeyote wa miembe au michungwa anaufanya huku akipiga soga.

Unakata kijiti cha unene wa kalamu kutoka kwenye mti unaoutaka, chenye macho mawili matatu yaliyovimba lakini hayajafunguka. Hicho ndicho kikonyo. Unachukua mche ulioota kwa mbegu, unaukata juu, unaupasua katikati. Kikonyo unakichonga kama kabari kwa kisu kikali, mkato mmoja safi kila upande, na palipochongwa hapaguswi kwa vidole. Kisha unakichomeka huku ukiangalia kitu kimoja tu: ule utando mwembamba wa kijani ulio chini ya ganda, wa kikonyo na wa mche, ugusane angalau upande mmoja. Usipogusana, umepoteza muda. Unafunga kwa utepe wa nailoni ili maji yasiingie na unyevu usitoke. Vikishikana, una mti wenye mizizi ya mmoja na matunda ya mwingine. Mizizi inaweza kuufanya mti uwe mfupi au mrefu, uwahi au uchelewe kuzaa, lakini aina ya tunda inabaki ile ya kikonyo.

Na waliozianzisha aina hizi mara nyingi hawakuwa wataalamu wa chochote. Kule Southwell, Uingereza, binti aitwaye Mary Ann Brailsford alipanda mbegu za tufaha mwaka 1809. Mti ulipokuja kupata sifa, nyumba ilikuwa imeshanunuliwa na mwenye bucha, Matthew Bramley. Mwaka 1856 kijana wa kitalu, Henry Merryweather, alipomwomba vikonyo, Bramley alikubali kwa sharti kwamba tunda liitwe kwa jina lake. Mpaka leo Waingereza wanapika pai za Bramley. Mwenye bucha hakupanda kitu, lakini alijua kujadiliana.

Parachichi la Hass nalo ni hivyohivyo. Rudolph Hass alikuwa mpeleka barua wa California aliyeotesha mbegu katika miaka ya 1920 akikusudia kuibebesha miche hiyo aina ya Fuerte, iliyokuwa ikitamba sokoni. Mche mmoja ukakataa vikonyo kila alipojaribu. Akauacha uendelee na maisha yake. Ulipozaa, watoto wake wakayapenda matunda yake kuliko yale aliyokuwa akiyahangaikia, na mwaka 1935 akaukatia hataza, yaani haki ya kisheria ya kuumiliki. Mti ule wa mwanzo ulikufa mwaka 2002. Maparachichi ya Hass yanayopakiwa leo Njombe, Rungwe na Murang'a kwenda Ulaya yote yanatokana na vikonyo vyake.

Rangi ilivyolila tunda

Kuna njia nyingine ya aina mpya kuzaliwa, na haihitaji mbegu. Wakati mwingine tawi moja la mti hubadilika lenyewe. Kosa dogo la jeni hutokea kwenye jicho moja, na tawi linalochipua hapo huzaa matunda tofauti na mti mzima. Mkulima mwenye macho hulikata tawi hilo na kulibebesha. Balungi jekundu la Ruby Red lilionekana hivyo Texas mwaka 1929. Chungwa la kitovu, lile lisilo na mbegu, lilianzia Bahia, Brazili, kisha miche yake ikafika kwa Eliza Tibbets kule Riverside, California, mwaka 1873 na ikaanzisha biashara nzima ya machungwa ya jimbo hilo.

Njia hiyohiyo ndiyo iliyoliharibu tufaha lililokuwa maarufu kuliko yote Marekani.

Katika miaka ya 1870 mkulima Jesse Hiatt wa Peru, Iowa, aliona mche umejiotea shambani kwake pasipo mpango. Aliukata. Ukachipua. Akaukata tena, ukachipua tena, na hapo akaamua kuuacha. Matunda yake yalikuwa ya manjano yenye michirizi myekundu, yenye harufu na utamu wa kutosha kushinda shindano la kampuni ya vitalu ya Stark kule Missouri mwaka 1893. Kampuni ikanunua haki na kuliita Delicious. Neno Red lilikuja baadaye.

Tatizo lilianza pale wanunuzi walipoanza kulipa zaidi kwa wekundu. Kila tawi lililojitokeza na tunda jekundu zaidi lilibebeshwa, likapewa jina, likauzwa kama maendeleo. Tunda lililowahi kuwa jekundu lingeweza kuchumwa mapema, kabla sukari na harufu havijakamilika. Ganda nene liliziba michubuko ya safarini. Mwaka baada ya mwaka uteuzi ulifanywa na jicho peke yake, na ulimi haukuulizwa. Kufikia miaka ya 1980 aina hiyo ilikuwa takriban robo tatu ya mavuno ya jimbo la Washington, likiwa zuri la kupigwa picha na la kusikitisha mdomoni: ganda gumu, nyama ya unga, utamu usio na lolote nyuma yake. Wateja walichelewa kuchoka, lakini walichoka. Mwaka 2018 chama cha wazalishaji wa tufaha Marekani kilikadiria kwamba Gala, aina ya New Zealand, ingeipiku kwa mara ya kwanza baada ya zaidi ya miaka 50.

Embe lina kisa chake kama hicho. Embe liitwalo Tommy Atkins lilipelekwa mbele ya wataalamu wa embe wa Florida katika miaka ya 1950, nao wakalikataa kwa sababu ya nyuzi nyingi na ladha ya kawaida. Wakulima wakalipanda hata hivyo. Linavumilia magonjwa, linakaa wiki nyingi bila kuoza na lina rangi nyekundu inayovutia, na hivyo likawa miongoni mwa maembe yanayosafirishwa zaidi duniani. Mtu wa Tanga au Mombasa akiingia dukani London akalinunua kwa pauni kadhaa, hushangaa Wazungu wanapenda nini kwenye embe. Jibu ni kwamba wengi wao hawajawahi kupewa jingine.

Tufaha lililookolewa kwenye jalala

Siku hizi aina nyingi kubwa hazingojewi zijiotee. Mtafiti huchukua ua ambalo halijafunguka, huondoa sehemu zote za kiume kwa koleo ndogo, hupaka chavua ya baba aliyemchagua kwa brashi na kulifunika nyuki asiingilie. Mbegu zinazopatikana huoteshwa kwa maelfu. Maabara hupima majani ya miche michanga na kutupa ile yenye kasoro zinazojulikana. Iliyobaki hungojewa izae, miaka kadhaa, ndipo watu hupita kati ya mistari wakiuma, wakitafuna, wakitema.

Chuo Kikuu cha Minnesota kilifanya uchavushaji mmoja wa aina hiyo mwaka 1960. Baridi kali iliuumiza mti wa majaribio mwishoni mwa miaka ya 1970, na kwenye kumbukumbu ukaandikwa utupwe. Mtafiti mgeni, David Bedford, aliyejiunga na chuo mwaka 1979, alikuta miche michache iliyobebeshwa kutoka kwenye mti huo bado ipo na akaamua isingolewe kabla ya kuonjwa. Tunda lile likatolewa rasmi mwaka 1991 kwa jina la Honeycrisp.

Sifa yake haikuwa utamu peke yake. Chembe za nyama yake ni kubwa kuliko za tufaha la kawaida, na zinapasuka ukiuma badala ya kuachana. Ndiyo maana linakatika kwa mlio na kumwaga maji kinywani. Kwa mkulima ni msumbufu: hupata madoa ya kahawia kwa urahisi, ganda lake ni jembamba, na kijiti chake hutoboa matufaha jirani ndani ya kreti, hivyo wachumaji hukikata kwa mkasi tunda kwa tunda. Lakini wateja walikuwa tayari kulipa karibu mara mbili, na wakulima wakanunua mikasi. Ninalolipenda zaidi kwenye kisa hiki ni kwamba hata nasaba yake iliandikwa vibaya. Hati za chuo zilitaja wazazi wawili, vipimo vya vinasaba vikaja kuonyesha kwamba wote si wazazi.

Mtoto wa Honeycrisp, Cosmic Crisp, alizalishwa na Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington mwaka 1997 na kufika madukani Desemba 2019. Miaka 22 kutoka kwenye ua la mtufaha hadi rafuni, ingawa safari hii nyuki alizuiwa. Kwa miaka kumi ya mwanzo haki ya kulilima ndani ya Marekani ilitengwa kwa wakulima wa Washington tu.

Hapo ndipo mambo ya sheria yanapoingia, na ni vizuri kuyatenganisha maana huchanganywa sana. Aina ya mmea inaweza kulindwa kwa muda maalumu. Chini ya mkataba wa kimataifa wa UPOV, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 1999 na Tanzania mwaka 2015, miti hulindwa kwa angalau miaka 25 kwa masharti ya mkataba wa mwaka 1991. Muda ukiisha, aina ni ya kila mtu. Jina la biashara halina mwisho ilimradi linalipiwa. Pink Lady ni mfano mzuri. Aina yenyewe inaitwa Cripps Pink, ilizalishwa Australia Magharibi na John Cripps mwaka 1973. Pink Lady ni nembo. Matunda mawili ya tawi moja yanaweza kuachana njia kwenye mashine ya kupanga: lenye rangi na sukari ya kiwango linabandikwa nembo na kupanda bei, jingine linauzwa kama Cripps Pink tu. Kwa mwenye kitalu wa Lushoto au Njombe, maana yake ni hii: Hass, Granny Smith na Fuji anaweza kubebesha na kuuza miche yake apendavyo, lakini aina iliyo ndani ya muda wa ulinzi inahitaji kibali cha mwenyewe.

Embe na chungwa wana sheria zao

Msomaji aliyewahi kupanda mbegu ya chungwa akapata chungwa lilelile atakuwa ameanza kunitilia shaka. Hajakosea. Mbegu za michungwa mingi na za baadhi ya miembe hubeba zaidi ya kijusi kimoja. Kimoja kimetokana na chavua, vingine vimeota kutoka kwenye mwili wa mama bila baba yeyote, na hivyo ni nakala kamili ya mama. Maembe mengi ya asili ya kusini mashariki mwa Asia yako hivyo, ilhali mengi ya asili ya India yana kijusi kimoja na mtoto wake hatabiriki.

Kuligundua ni rahisi. Pasua kokwa la embe kwa uangalifu, toa mbegu ya ndani, ifukie kwenye mfuko wenye udongo. Likitoka chipukizi moja tu, huenda una chotara na tunda lake litakuwa la kubahatisha. Yakitoka matatu au manne kutoka kokwa moja, yale yenye nguvu kwa kawaida ni nakala za mama.

Mgomba unaoliwa hauna hata mbegu ya kubahatisha nayo. Unazaliana kwa machipukizi, kwa hiyo aina mpya hutokana na mabadiliko ya nadra au kazi ngumu ya maabara, kama ile ya NARO, taasisi ya utafiti wa kilimo ya Uganda, na IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo, iliyotoa migomba ya NARITA ikajaribiwa Uganda na Tanzania.

Na mtufaha kwetu? Adui yake ni joto la usiku. Aina nyingi za Ulaya zinahitaji saa 800 hadi 1,000 za baridi chini ya nyuzi 7 ili macho yaamke. Anna, aina iliyozalishwa Israeli, inaridhika na saa 200 hadi 300, ndiyo maana imekuwa tegemeo la wanaojaribu tufaha kwenye nyanda za juu za Afrika Mashariki. Huko Java Mashariki, Indonesia, wakulima hupukutisha majani yote kwa mikono baada ya mavuno na mti hudanganyika ukatoa maua, hata mara mbili kwa mwaka.

Kuonja kwa haki

Matufaha ya Afrika Kusini, yanayojaza magenge yetu, huvunwa zaidi kati ya Februari na Mei katika maeneo ya Elgin na Ceres, Western Cape. Unayoyala Desemba yamekaa miezi kwenye vyumba vyenye baridi karibu na nyuzi 0, hewa ikiwa na oksijeni asilimia moja au mbili tu badala ya 21. Ugumu hubaki, sukari hubaki. Kinachopungua ni harufu, na harufu ndiyo sehemu kubwa ya tunachokiita ladha. Kwa hiyo usimhukumu Gala kwa tunda la Krismasi. Mtafute Machi. Pink Lady huchelewa kuvunwa, huyo msubiri Mei na Juni.

Usionje tunda moja peke yake. Ulimi hujua kulinganisha kuliko kupima. Nunua aina tatu, zitoe kwenye friji saa kadhaa kabla, maana baridi hufunga harufu. Anza na lisilo na uchachu, maliza na Granny Smith, la sivyo yote yatakayofuata yataonekana maji. Kata kipande chenye ganda na nyama, kinuse kwanza, kisha uma kwa meno ya mbele. Limekatika au limebomoka? Utamu umekuja mwanzo au mwisho? Kuna ukakasi pembeni mwa ulimi? Umeza, ngoja kidogo, uone kama kuna kilichobaki. Utagundua mambo madogo yenye raha. Granny Smith ina sukari nyingi kuliko inavyokiri, asidi yake ndiyo inayoifunika. Fuji ina asidi kidogo na ndiyo maana watoto huipenda na watu wazima huichoka.

Walioko Uingereza wana bahati ambayo wengi hawaitumii. Tangu tarehe 21 Oktoba 1990 huadhimishwa Siku ya Tufaha, na kila Oktoba bustani nyingi hupanga matunda mezani watu waonje. Brogdale, katika jimbo la Kent, kuna mkusanyiko wa taifa wenye zaidi ya aina 2,000 za tufaha. Nenda moja kwa moja kwenye zile zenye sura mbaya. Egremont Russet na Ashmead's Kernel zina ganda la kahawia linalokwaruza, mtu asiyezijua angedhani zimeoza, na ndani yake kuna ladha ya karanga na peasi ambayo hakuna tufaha jekundu la dukani linaloikaribia. Hazikuteuliwa kwa jicho.

Marekani nako, mpelelezi mstaafu wa FBI, David Benscoter, amegeuza ustadi wake kwenye mashamba yaliyotelekezwa ya Washington na Idaho, akitafuta aina zilizodhaniwa zimetoweka. Mwaka 2020 kundi lake lilitangaza kuzipata kumi kwa mkupuo. Utambulisho ulifanywa na wajuzi wa Oregon kwa kulinganisha matunda na maandishi ya kale na michoro ya rangi ya maji ambayo wizara ya kilimo ya nchi hiyo iliagiza tangu mwaka 1886, mkusanyiko wa picha zaidi ya 7,500 uliochorwa kabla kamera za rangi hazijawa za kuaminika. Tunda halisi kwenye kiganja, picha ya zaidi ya miaka mia moja mezani, na watu wanabishana kuhusu kina cha kishimo cha kijiti.

Sisi hatuna michoro hiyo. Tuna dodo, boribo, sindano na ngowe, na nyuma ya majina hayo tuna miembe isiyo na jina kwenye nyua na makaburini, kila mtaa na wake, ambayo wenyewe huiita tu "ule wa babu." Miji inapanuka na miti hiyo inakatwa kupisha kuta. Kama unao mmoja ambao majirani huja kuomba matunda yake, kata majani kwenye ncha za matawi yaliyokomaa, ukiacha mashina mafupi ya majani, siku saba hadi kumi kabla ya kuchukua vikonyo, mpaka macho yavimbe. Kisha kata vijiti asubuhi, virefu kiasi cha shubiri, vizungushie gazeti lililolowa, vitie kwenye mfuko wa nailoni na uvifikishe kitaluni siku hiyohiyo. Mwenye kitalu atakuuliza aina gani. Mpe embe aonje.